Fundo la Mgeni Rasmi

Mwaka 1907, Mwingereza mmoja mwanajeshi, Robert Baden-Powell, alichukua wavulana 20 hivi akaenda kupiga nao kambi katika kisiwa cha Brownsea. Mwaka uliofuata akatoa kitabu, na skauti ikasambaa duniani. Mipango yake yote aliipanga bila kumshirikisha bibi yangu, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia.

Nilijiunga na skauti nikiwa shule ya msingi, upande wa Korogwe, miaka ya tisini. Sare ilikuwa ya kaki. Fundi cherehani aliambiwa anishonee kaptura ya kukulia, naye akaitikia kwa moyo mmoja: ile kaptura ningeweza kuivaa hadi leo. Ilishikiliwa kiunoni na kamba ya katani, na mtu ambaye hajawahi kufunga katani kwenye ngozi tupu hajui kujikuna ni nini.

Vikosi viliitwa kwa majina ya wanyama. Brownsea kulikuwa na kikosi cha Kunguru, jambo ambalo Waingereza hawakuliona kuwa la aibu. Sisi tulitaka Simba, lakini Simba walishajaa. Chui, wamejaa. Tembo, wamejaa. Wa mwisho tukapewa Nyumbu. Kila kikosi kilitakiwa kijue mlio wa mnyama wake, na Korogwe nzima hapakuwa na mtu aliyewahi kumsikia nyumbu akilia. Tukakubaliana kulia kama mbuzi mwenye mafua, na tukigombezwa tuseme nyumbu wa Tanga ndivyo walivyo.

Sasa turudi kwa Bibi. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Mwalimu wetu alitusimulia habari za mashujaa wa Ashanti: mkono wa kushoto ndio unaoshika ngao, kwa hiyo ukimpa mwenzako mkono huo umeiweka ngao chini, umemwamini. Habari hiyo ilinigusa sana. Jioni nilipofika nyumbani nikamkuta mzee wa msikitini amekuja kumjulia Bibi hali. Nikasema shikamoo kwa sauti ya ukakamavu, nikamnyooshea mkono wa kushoto.

Mzee aliutazama ule mkono, kisha akamtazama Bibi.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, "mkono huo una kazi yake, na kazi hiyo haihusiani na salamu."

Nikaeleza habari ya ngao.

"Ngao yenyewe iko wapi?"

Sikuwa nayo. Nikatumwa kunawa mikono yote miwili.

Halafu ikaja kanuni ya nane. Katika kanuni za zamani za Baden-Powell, skauti hutabasamu na kupiga mluzi katika shida zote. Usiku mmoja nilitumwa nje kuanua nguo, giza totoro. Kwa kuwa hiyo ilikuwa shida halisi, nikatabasamu na kupiga mluzi. Dirisha likafunguliwa.

"Unamwita nani?"

"Simwiti mtu, Bibi. Skauti akiwa na shida hupiga mluzi."

"Basi endelea. Shida yako inakuja, inatambaa."

Watu wa kwetu wote wanajua mluzi wa usiku huita nyoka. Nguo nilizibeba pamoja na kamba yake.

Somo lililonikaa zaidi ni alama za njia. Kiongozi hutangulia porini akipanga mawe kwa umbo la mshale, na nyinyi mnafuata. Duara lenye nukta katikati maana yake "nimekwenda nyumbani". Alama hiyo ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell mwenyewe kule Nyeri, Kenya, alikofariki mwaka 1941, na kwake naona ilikaa vizuri. Kwa kikosi cha Simba ilimaanisha kwamba wamesikia njaa. Waliichora mwanzoni kabisa mwa njia, wakaenda kula makwao, sisi Nyumbu tukabaki tunafuata mishale pembeni mwa shamba la mkonge. Mshale wa kwanza tukauona. Wa pili tukauona. Wa tatu haukuonekana. Tulizunguka mpaka tukatokea kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akipika.

"Mnatafuta nini wanangu?"

"Tunatafuta mshale, mama. Wa mawe."

Akainama kutazama mafiga yake. "Mawe matatu makubwa?"

Juu ya mshale wetu makande yalikuwa yakichemka. Tulisubiri yaive ili tujue njia inaelekea wapi, na mama akaona si vizuri watoto wasubiri hivi hivi, akatupakulia. Mpaka leo sijui njia ilielekea wapi.

Mkasa mkubwa ulitokea tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Msomaji wa Tanzania anajua kuwa mgeni rasmi hawezi kuanza kazi kabla ya kuvishwa skafu na skauti. Nilichaguliwa mimi. Skafu tuliazima shule ya jirani, kwa masharti irudi siku hiyo hiyo. Tulijipanga uwanjani saa mbili asubuhi. Mgeni rasmi aliingia saa saba mchana. Kaulimbiu ya skauti ni "Uwe tayari". Haisemi mpaka saa ngapi. Kufikia wakati huo Tembo wawili walikuwa wamelazwa chini ya mwembe, na kile kipete cha kubania skafu kilikuwa kimenidondoka mkononi, hakionekani.

"Funga fundo," mwalimu akaninong'oneza.

Mgeni rasmi alikuwa mrefu kama nguzo ya simu. Aliinama, nikamzungushia skafu shingoni, nikafunga. Matarumbeta yakalia nikashtuka, nikafunga tena juu yake, nikakaza kwa nguvu zote nilizojifunza kwenye katani. Akahutubia muda mrefu, shingo imekaa upande, sauti inapungua kila alipotaja maendeleo.

Sherehe ilipokwisha, mwalimu wa shule ya jirani akasogea kutaka skafu yake. Mgeni rasmi akajaribu kufungua. Dereva akajaribu. Mtu wa itifaki akajaribu kwa meno, akakatazwa. Mtu mmoja akataja kisu, na mwenye skafu akapiga kelele.

Ndipo nikamwona Bibi anapita katikati ya viti vya wakubwa, kanga imefungwa kiunoni.

"Shikamoo bibi," mgeni rasmi akasema, maana kuinua kichwa hakuweza.

"Marahaba mwanangu." Akaligusa fundo kwa kidole, akatingisha kichwa kama anayelifahamu. "Hili jepesi. Lakini kwanza, lile bomba la mtaani kwetu, mlisema maji yatatoka lini?"

"Mwaka huu, bibi."

"Mwaka huu mwezi gani?"

Mgeni rasmi akatazama huku na huku, kadiri shingo ilivyomruhusu. Mtu wa itifaki akajifanya anasoma ratiba. Mgeni rasmi akataja mwezi. Bibi akamwomba arudie kwa sauti, mwalimu mkuu asikie, na dereva pia. Akarudia.

Ndipo akalifungua.