Namna ya Kuanza na Sifuri: Mwongozo kwa Wageni wa Biashara

Kwanza kabisa, chagua wazazi. Semina nyingi za ujasiriamali huiruka hatua hii, maana ukishaijua huna sababu ya kulipa kiingilio.

Ukimkosa baba mwenye viwanda, tafuta hata mzee mmoja wa ukoo. Aliko Dangote, tajiri wa Nigeria, alipoanza biashara miaka ya 1970 alikopeshwa naira 500,000 na jamaa zake, siku ambazo naira ilikuwa ghali kuliko dola. Babu wa mama yake, Alhassan Dantata, aliyefariki mwaka 1955, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Afrika Magharibi. Juhudi za Dangote sizibezi hata kidogo. Wajukuu wa matajiri walioutafuna mtaji kwenye sherehe tunao tele.

Pili, thubutu. Mtoa mada atakuambia usiogope kuanguka. Mwaka 1995 Jeff Bezos aliwaonya wazazi wake kwamba pesa watakazotia kwenye kampuni yake, Amazon, huenda zikapotea, uwezekano asilimia 70. Wakatoa dola 245,573 hivyo hivyo. Kawaambie maneno hayo watu wa mikopo ya kausha damu uone. Rejesho likikupita, wanaingia ndani na daftari lao: wanaanza na televisheni, wanashuka kwenye mtungi wa gesi, wanamalizia na godoro, shuka likivuliwa mbele ya jirani aliyekuja "kuomba chumvi". Tofauti yako na Bezos si uthubutu, ni nani anayekudai.

Tatu, jihadhari na kufanikiwa. Kwenye familia isiyo na kitu, mwenye duka ndiye benki. Mama mdogo anachukua kilo mbili za unga, atalipa mwisho wa mwezi, mwezi wenyewe hakuutaja. Mdogo wako karudishwa kwa ajili ya ada. Msiba wa kijijini unataka nauli na mchango, na huwezi kusema mtaji umekwama, kwa sababu mchele wanauona kwenye rafu. Mtoto wa tajiri hupokea kutoka nyumbani. Wewe nyumbani ndiko unakopeleka, na vitabuni wote wawili mnaitwa wajasiriamali.

Nne, amka saa kumi alfajiri. Haidhuru.

Na ukienda semina ijayo, nyoosha mkono umuulize mtoa mada: kodi ya fremu yako ya kwanza alilipa nani?