Nani Kaihamisha Bahari?

Kaunta buku langu la kwaya mbili lilikuwa na kila kitu. Lilikuwa na orodha ya betri, zilizo nzima na zile za kuombea dua. Lilikuwa na idadi ya chupa za maji ya kunywa, dawa ya mbu, pasi ya gauni la msanii, na hata jina la atakayekaa mbele kwenye gari, maana ugomvi wa siti ulishawahi kutuvunjia safari ya Bagamoyo. Kitu kimoja tu hakikuwamo: mtu wa Paje, Unguja, wa kumuuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa video ya wimbo. Msanii wetu, binti wa Sinza ambaye bahari anaijua kwa kuvuka na pantoni kwenda Kigamboni, alikuwa ameimba kuhusu mpenzi aliyechukuliwa na maji. Niliandika skripti mwenyewe, nikajipongeza mwenyewe. Asubuhi, binti amekaa ndani ya ngalawa, gauni jeupe linapepea, maji ya feruzi mpaka upeo wa macho. Jioni, jua linazama baharini, binti anapunga mkono, mtazamaji analia.

Ili nisikosee, nilifungua jedwali la maji kwenye simu. Jumamosi ya Julai: saa 04:12 maji kujaa, karibu mita 4, saa 10:24 maji kupwa, kama hamna kitu. Nikachukua kalamu nyekundu na kuandika: KUJAA SAA NNE ASUBUHI. KUPWA SAA KUMI JIONI. Nikapiga mstari mara mbili.

Najua umeshaanza kucheka. Simu inahesabu saa tangu usiku wa manane, sisi tunahesabu tangu macheo. Ile 04:12 ilikuwa saa kumi alfajiri, wakati mimi nakoroma, na ile 10:24 ndiyo saa nne asubuhi. Hesabu hii nimezaliwa nayo, sijawahi kuachwa na basi kwa sababu yake. Lakini mpe mtu kalamu nyekundu na cheo cha dairekta uone akili inavyohama.

Tulivuka kutoka Dar Ijumaa, tukalala Paje kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali kuliko mahitaji yetu. Saa tatu na nusu asubuhi tukashuka ufukweni, watu saba na mizigo ya watu ishirini. Bahari haikuwapo.

Sitii chumvi. Palikuwa na mchanga, madimbwi, majani ya baharini, vijiti vimepangwa safu safu, na mbali kabisa, kwenye mwamba, mstari mweupe wa mawimbi mwembamba kama uzi. Ngalawa niliyoilipia advansi ilikuwa imelala ubavu kama daladala iliyokatika ekseli. Msanii alivua miwani, akavaa tena.

"Dairekta, bahari iko wapi?"

Nikafungua daftari, nikamwonyesha mistari yangu miwili myekundu. Hakuridhika.

Kati ya vile vijiti kulikuwa na akina mama wameinama, maji kwenye vifundo vya miguu, wakivuna mwani. Kazi hiyo wameishika huku tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nikamwendea mmoja mtu mzima, kanga kaifunga kiunoni, gunia limejaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmepotea?"

"Hapana, bibi. Tunaisubiri bahari."

Akaniangalia, akaliangalia begi la kamera, akaangalia gauni linaloburuzwa matopeni.

"Mwezi umeandama juzi tu. Leo bamvu. Maji yamekwenda, nayo yatarudi saa kumi. Mlimuuliza nani?"

Nilitamani kumwambia simu. Nikanyamaza.

Bibi yule hakuwa na jedwali. Alikuwa na mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. Na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Kwa maelezo ya dakika mbili alikuwa amezifuta kurasa kumi za kaunta buku langu, na mikono yake haikuacha kuchuma.

Saa sita na ushei za kusubiri si haba. Nikasema tusizipoteze, tupige picha za karibu. Mpiga picha akatoa kamera kwenye begi lililolala chini ya kiyoyozi, na lenzi ikapiga ukungu papo hapo kama kioo cha bafuni. Kijana wa mizigo akaifuta kwa fulana yake yenye chumvi na mchanga. Aliyoyasema mpiga picha siyaandiki hapa.

Tukahamia kwenye droni. Kibali tulikuwa nacho, betri imejaa. Kitu ambacho hatukuwa nacho ni heshima kwa kusi. Julai upepo huo unavuma kutoka kusini bila kupumzika, ndiyo maana wageni huja Paje kuburutwa na matiara makubwa juu ya mawimbi. Droni yetu ikapanda, ikatikisika, ikaelekea kijiji cha Bwejuu bila kuaga. Baada ya saa nzima akatokea mtoto kwenye baiskeli, ameipakata kama kuku wa kuuza.

"Hii ndege yenu?"

Ilikuwa yetu. Bei ya kuikomboa ilikuwa soda mbili, moja yake, moja ya rafiki yake ambaye hatukumwona.

Saa kumi, bahari ikaja. Haikuja kwa kishindo. Ilijaza dimbwi baada ya dimbwi, ikainyanyua ngalawa taratibu kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Feruzi ile ile ya kwenye skripti. Tulifanya kazi kama wendawazimu kwa saa moja na nusu, tukazima spika ilipoadhiniwa alasiri, tukaendelea. Nikajiambia mambo yamenyooka. Limebaki jua tu.

Nikageuza kamera baharini, nikamweka msanii mkono juu, tukasubiri. Mbele yetu anga ikawa kijivu. Mpiga picha akanigusa bega, akanionyesha nyuma. Jua lilikuwa linazama kwa madaha yote juu ya minazi na paa la kibanda cha chipsi. Paje iko mashariki mwa Unguja. Jua huku linachomoza baharini. Kuzama linazama kijijini.

Hapo ndipo nilipopata wazo lililoniokoa, au lililonimaliza. Jumapili alfajiri tukalirekodi jua likichomoza, na kwenye uhariri nikaicheza video hiyo kinyumenyume. Likazama vizuri sana. Mteja alilipa.

Miezi miwili baadaye nilirudi Paje kwa kazi nyingine, nikamtafuta yule bibi kumwonyesha video. Alipita nyuma ya msanii alfajiri ile, gunia kichwani, akienda kuanika mwani. Akatazama hadi mwisho, akarudisha mwenyewe kwa kidole, akatazama tena.

"Kwa hiyo," akasema, "nimetoka kazini kinyumenyume, mwani sikuanika?"

Safari hii nilikwenda bila kaunta buku. Nilimuuliza yeye kwanza, kisha nikaandika kwenye kiganja.