Katika Arobaini, Huwezi Kukosa Lako

Siku hizi kahawa haiachwi ikae peke yake. Ukipita mjini utauziwa kahawa ya uyoga, kahawa ya mlonge, kahawa ya kupunguza tumbo, na muuzaji atakuapia kwamba ladha haibadiliki. Hoja yao ni moja: kahawa chungu, dawa chungu, ukichanganya mnywaji hatajua. Hata mama mkwe wangu anayo hoja hiyo, na yeye hajahudhuria semina yao hata moja.

Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini sikujua kwamba wapo wanaoichukua methali ile kama maagizo ya daktari. Kapuni mwake, chini ya samaki wa kukaanga na maembe, mlikuwa na kifuko cha kitambaa kilichojaa unga wa kijani: majani ya mwarobaini, yaliyoanikwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa.

Ili uelewe ukubwa wa hasara, niieleze kwanza kahawa yangu. Buni naagiza Moshi. Nazikaanga mwenyewe kwenye kikaango cha chuma, juu ya mkaa, mkono haupumziki, mpaka zianze kupasuka. Zikishatoa mafuta nje, umechelewa. Nazimwaga kwenye ungo zipoe, nazitwanga kinuni na tangawizi kavu na iliki, kisha unga unaingia kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa kubana. Inachemshwa kwenye birika, inanywewa kavu kwa vikombe vidogo, kashata pembeni. Anasa nyingine sina.

Kopo hilo ndilo Mama alilolifungua nikiwa kazini. Akamimina unga wake, akakoroga kwa mwiko, akafunika.

Jioni akaja jirani yetu, mzee mstaafu wa reli, tucheze drafti. Nikamtangulizia kikombe yeye, kama umri unavyotaka. Akapuliza, akavuta funda. Nyusi zikapanda, zikakataa kushuka. Akakaa nalo mdomoni akiangalia ukuta, kisha akameza kwa hatua.

"Leo imekolea," akasema, kwa adabu ya mtu aliyelelewa akaleleka.

Akachukua kashata. Akachukua nyingine. Kete yake haikusogea mpaka sahani ilipobaki na chenga tupu. Ndipo na mimi nikanywa. Uchungu wa kahawa hubisha hodi, hukaa kidogo, huaga. Wa mwarobaini huingia na godoro lake.

"Mama, kahawa hii imetiwa nini?"

"Dawa, mwanangu."

"Dawa ya nini?"

"Mwarobaini unatibu maradhi arobaini. Katika arobaini, huwezi kukosa lako."

"Na Mzee je?"

"Mzee ndiyo kabisa."

Mzee akacheka hadi akakohoa, na Mama akanitazama kama aliyeletewa ushahidi.

Nikaongeza sukari. Kahawa ikawa tamu mwanzoni na chungu mwishoni, na mwisho wenyewe haukuwa na mwisho. Sababu inajulikana: utamu ulimi unautambua kwa kipokezi kimoja kikuu, lakini kwa uchungu una vipokezi vya aina zipatazo 25, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu na mwili hautaki kudanganywa. Kwa hiyo uchungu hauendi kujificha nyuma ya uchungu mwenzake, unajumlishwa. Tuliomeza klorokwini, kabla Tanzania Bara haijaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, tulilijua hili utotoni. Kidonge kilifichwa ndani ya ndizi mbivu, na kilichoharibika ni ndizi.

Mke wangu akasikia kwamba chembe ya chumvi hupunguza uchungu. Ni kweli, hupunguza. Kahawa ikalainika, ila sasa ikawa inakaribiana na mchuzi wa mboga za majani, na nikajikuta natafuta ugali kwa macho.

Mama hakukata tamaa. Alikuwa ameshauona mshubiri kwenye chungu cha maua barazani, akasema wiki ijayo tutauanza huo. Hapo adabu ya ukwe ilinibana kweli. Utomvu wa njano ulio chini ya ganda la shubiri ni dawa ya kuharisha. Marekani iliziondoa dawa za choo zenye shubiri kwenye orodha ya zinazouzwa bila cheti mwaka 2002. Na kahawa yenyewe huamsha tumbo la watu wengi asubuhi. Sasa piga hesabu: kahawa, shubiri, na daladala iliyokwama kwenye foleni ya Mbagala, wewe umekaa dirishani na mwenye mzigo amekuzibia njia.

"Mama," nikasema, "huo tuuache ukue kwanza."

Akakubali. Nikamimina kikombe nimkabidhi kwa mikono miwili, tuwe kitu kimoja. Akakisukuma taratibu.

"Mimi kahawa? Inanipandisha presha, mwanangu. Mimi nanywa chai ya maziwa."

Basi, mwenye mwarobaini wake auchemshe peke yake, aubugie, asukutue mdomo. Anayemeza vidonge vya kisukari amwambie daktari kwanza, maana mwarobaini unaweza kushusha sukari juu ya ile iliyokwisha kushushwa na dawa. Na wewe unayetarajia wageni kutoka kwa wakwe, usitwange kahawa ya mwezi mzima. Buni mbichi hukaa miezi mingi bila kuharibika, na hakuna awezaye kuzikorogea kitu. Kaanga za leo na kesho tu, nyingine ziache guniani.