Kahawa ya Adui

Mwaka 1962 Marekani iliifungia Cuba biashara ili kumng'oa kiongozi wake, Fidel Castro. Msemaji wa Rais Kennedy, Pierre Salinger, alisimulia baadaye kwamba bosi wake alimtuma kwanza akatafute sigara nene za Cuba; zilipofika 1,200, ndipo akatia saini vikwazo hivyo. Uadui una ratiba yake.

Castro alifariki mwaka 2016, akiwa na miaka 90.

Mwaka huohuo, Washington iliruhusu kahawa ya wakulima binafsi wa Cuba kuingia Marekani. Kitengo cha saratani cha WHO nacho kikaifutia kahawa tuhuma za tangu 1991 za kuleta saratani ya kibofu. Tafiti nyingi huihusisha na afya bora ya ini.

Wanasayansi walijisahihisha baada ya miaka 25. Vikwazo vimepita 60, na bado vipo.