Fundi Amezima Taa, Gari Limepona

Taa ya eabegi ikiwaka kwenye Vitz ya mwaka 2003, mwenye gari hukimbilia kwa fundi wa umeme, na fundi, mtu wa vitendo, hung'oa balbu au hubandika selotepu nyeusi. Ugonjwa umekwisha, kwa bei ya soda.

Pengine kosa lilikuwa dogo: soketi ya manjano chini ya kiti imelegea kiti kiliposogezwa, au ule waya unaojikunja nyuma ya usukani umekatika. Ila taa ikiwaka, mara nyingi kompyuta imeshaufunga mfumo, na siku ya kugongana eabegi hulala usingizi wa pono.

Zipo pia zinazoamka na hasira. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia amoniamu naitreti kujaza eabegi zake. Joto na unyevu wa miaka mingi huiharibu, kasha hupasuka na kumrushia dereva vipande vya chuma. Mamilioni ya magari yaliitwa yarekebishwe, na mwaka 2017 Takata ikafilisika. Mombasa na Dar es Salaam, kwa bahati njema, hazijui joto wala unyevu.

Ukiwasha swichi, taa nzima ya eabegi huwaka sekunde chache kisha huzimika. Isiyowaka kabisa, muuzaji huisifia: "Dashibodi safi, bosi, haina hata taa moja!"