Kiinua Mgongo cha Masikio

Wenzake baba waliostaafu huku kwetu Bomet walipewa blanketi, mmoja saa ya ukutani. Baba alipewa uziwi. Mpaka leo ndicho kiinua mgongo pekee ambacho hakijaisha, hakikukatwa kodi, na hakuna jamaa aliyewahi kuja kukikopa.

Tena aliutolea jasho. Miaka na miaka alisimama katika kiwanda cha majani chai kando ya mashine za kusaga, rola za chuma zikinguruma mbele yake na feni za kunyaushia majani zikivuma juu. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini zinakataza mtu kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Zilipotoka, baba alikuwa ameshalipwa chake chote.

Binadamu huzaliwa na seli kama 15,000 zenye vinyweleo vya kunasia sauti ndani ya kila sikio. Mchai ukiuchuma leo, wiki mbili hazipiti umechipua. Seli hizi zikifa, ndiyo basi. Kelele huzichuma, umri huzichuma, hata sindano za streptomisini za kifua kikuu huzichuma. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya waliovuka miaka 60 wana upungufu wa kusikia unaowasumbua. Chama kikubwa hicho, na hakina ada.

Lakini tazama uungwana wa uziwi wenyewe! Hauchukui vyote. Huanza na sauti nyembamba, s na sh na f, pamoja na sauti za watoto. Zile nene humwachia mwenyewe. Ndiyo maana mjukuu akisema, "Kugo, nisaidie shilingi sitini za sukari," baba husikia upepo tu. Mtu akitamka "bonasi" kule kwenye zizi, baba huyo, ameshavaa kofia. Mama anauita ujanja. Mimi nasema ni fizikia.

Aliwahi kupewa kifaa cha kusikilizia. Alikivaa wiki moja, akakirudisha kwenye kisanduku chake. Alisema kuku wamezidi maneno.

Na mvua ya mawe ikianza, nayo huku haikawii, nyumba yetu ya mabati hugeuka kiwanda. Sisi wenye masikio hupigiana kelele bure. Baba hutulia kama mtu aliyerudi kazini, kwa maana kule walizoea kuongea kwa midomo na vidole. Juzi mawe yalipokuwa yakichanachana majani tuliyokusudia kuyachuma kesho yake, mama alisimama mlangoni akamtazama, akatamka jambo. Hatukuambulia hata neno. Baba akajibu kwa vidole viwili, na mama akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

Mvua ilipokatika tulimuuliza baba walikuwa wakisema nini. Akasema hasikii.