Chombo Kimeona

San Diego, California
27 Desemba

Mjomba,

Nimeambiwa ile picha imekufika. Kabla hujaizungusha diko zima, naomba unisikilize. Sijabatizwa. Lile sweta jekundu na zile pembe za kulungu kichwani nilivaa kwa sababu kila aliyepanda boti amevaa kisikukuu alipewa chokoleti ya moto bure, na wajukuu zako wanaijua hesabu ya bure kuliko ile ya shuleni. Rangi ya uso nitaieleza.

Tulikwenda kutazama nyangumi. Naam, tulilipa. Bei sikutajii, maana juzijuzi tu nilikwambia hali ngumu, mashine ya boti lako isubiri kidogo. Hali ilikuwa ngumu kweli. Lakini shule zimefungwa, watoto wamekaa ndani siku nne, na mkwe wako alishakata tiketi ndipo akaniuliza.

Najua unacheka. Huko Pangani nyangumi wanapita kuanzia Julai na hakuna anayewapigia makofi. Mwaka ule, mmoja wao alipoondoka na jarife lako, ulimtaja kwa maneno yaliyomfanya mama anizibe masikio. Huyu wa huku ameondoka na fedha yangu, nami nilitakiwa nimpungie mkono.

Tuliondoka asubuhi. Boti limezungushiwa taa kama bibi harusi, na Baba Krismasi amesimama mlangoni na kaptura na kandambili, maana Desemba ya San Diego haina theluji. Kijana mmoja akapita akigawa peremende za tangawizi za kuzuia kichefuchefu. Nikamwambia mimi mtoto wa Pangani, mjomba wangu nahodha, na tangawizi kwetu tunatia kwenye chai. Nilisema kwa sauti, watu wakageuka.

Ndani ya ghuba mambo yalikuwa mazuri. Tukapita manowari za kubebea ndege, tukapita boya lililojaa simba-bahari wanaobweka kama mbwa wa jirani usiku. Kisha tukaizunguka Point Loma.

Mjomba, ile si bahari uliyonifundisha. Ya kwetu wimbi linakuja na hasira zake, linakupiga, unajua limekupiga. Pasifiki haina ugomvi. Inakuinua polepole kama mgonjwa, inakushusha polepole, kisha inarudia, na mayai manne uliyokula asubuhi yanarudia nayo. Mkwe wako, mtu wa Dodoma, aliyeiona bahari akiwa na miaka ishirini, alikuwa ameketi omoni anakula chipsi.

Mama mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa akieleza. Nyangumi hawa wa kijivu wanatoka bahari za baridi za Alaska, wanateremka zaidi ya kilomita 8,000 kwenda kuzaa kwenye ghuba za Baja California, Mexico, na njiani karibu hawali kitu. (Hilo nililielewa vizuri.) Akasema wawindaji wa karne ya 19 waliwaita samaki shetani, kwa jinsi mama nyangumi alivyokuwa akivunja mashua akitetea mtoto wake. Nikakukumbuka wewe na jarife lako.

Sasa sikia jambo lenyewe. Kwenye maboti haya mwelekeo unatajwa kwa uso wa saa: omo ni kumi na mbili, tezi ni sita, kulia tatu, kushoto tisa. Mara yule mama akapiga kelele kwa Kiingereza: “Tatu! Tatu!” Kichwa changu, kilicholevywa na bahari, kikafanya kinachofanya kila siku tangu nihamie huku: kikasikia saa ya Kizungu, kikaongeza sita, kikapata saa tisa. Nikakimbilia kushoto.

Nilikuwa peke yangu huko na pembe zangu. Watu wote walikuwa upande wa pili wakisema “Aaah!” Wanasema pumzi ya nyangumi ilipanda hewani ikachora umbo la moyo. Mimi niliona shakwe.

Nyangumi akazama dakika kama tano. Nahodha akazima mashine, akangoja kwa mbali, kwani hapa chombo hakitakiwi kumsogelea chini ya yadi 100. Alipoibuka tena na kunyanyua mkia mzima, mimi nilikuwa nimeinamia ndoo. Ndipo mjukuu wako wa mwisho akanipiga picha badala ya kumpiga nyangumi.

Tangazo lao lilisema msipoona nyangumi mnapewa tiketi ya kurudi bure. Tulipotia nanga nikamfuata yule kijana wa tangawizi, nikamwambia mimi sikuona. Akaniuliza nilikuwa chombo gani. Nikamwonyesha. Akasema chombo hicho kimeona. Kinachohesabiwa ni chombo, si mtu. Akanipa peremende mbili.

Agosti nakuja, Mjomba, inshallah. Unipeleke nikawaone hao wa kwenu, ila unielekeze kwa tezi na omo, mambo ya saa tuyaache. Na ya mashine tutazungumza nikifika.

Mpwa wako